Anko, ile buku mbili ya jakpoti mezani inalipa au tunaliwa tu?

Shikamoo Anko,

Pole na majukumu. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana kuna kitu kinanikera rohoni wiki ya tatu hii na nikimsimulia mtu ofisini anaishia kunicheka.

Nafanya klering hapo bandarini, nakaa Tabata Segerea, nina mke na watoto wawili. Ijumaa jioni tukishamalizana na mambo ya kontena tunajikusanya washikaji wanne, tunapanda gari ya mmoja wetu tunaenda kasino fulani huko Masaki, tunacheza ile poka ya Karibiani, ya karata tano, ambayo mnashindana na dila, yule mgawa karata wa kasino, sio nyie kwa nyie. Naweka msimbazi kwenye ante, lile dau la kuanzia kabla karata hazijagawiwa, nikiona karata zinaeleweka naongeza elfu ishirini, nikiona uchafu nazirudisha. Sio mcheza kamari wa kutisha Anko, nikiliwa laki nanyanyuka. Na wife anajua Ijumaa nakuwa na washikaji, ila hilo la kasino sijamfafanulia sana.

Sasa pale mezani mbele ya kila kiti kuna kitundu, ukitumbukiza chipu ya buku mbili taa ndogo nyekundu inawaka, hapo ushaingia kwenye jakpoti. Juu kuna kioo kina namba inapanda taratibu, Ijumaa iliyopita nimeiacha kwenye milioni 120. Kibao kinasema ukipewa flashi (karata tano za alama moja) unalamba 100,000, fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za namba nyingine) 200,000, nne za aina moja milioni nzima, streti flashi (tano zinazofuatana za alama moja) asilimia 10 ya kilichopo kwenye kioo, na royali flashi (kumi mpaka esi za alama moja) kioo chote chako.

Mimi nilikuwa naweka siku moja moja, siku nyingine siweki. Wiki tatu zilizopita nikasema leo siweki kabisa, nione nitaondoka na shilingi ngapi. Nimekaa kama saa mbili hivi mambo sio mabaya, mara nikapewa karata, nikafungua moja moja kama kawaida yangu, nane ya kopa, nane ya uru, saba ya pau, nane ya pau, nikasema haya tatu zinatosha, nikavuta ya mwisho, nane ya shupaza. Nane NNE Anko. Mkono ukaanza kutetemeka nikaweka elfu ishirini yangu nasubiri dila afungue, kafungua hana kitu, hata esi na kingi hana, akasema hajafuzu, akanilipa msimbazi mmoja tu kwa ante na ile ishirini akanirudishia kama ilivyo. Elfu kumi! Nageuka namkuta mshikaji wangu kaganda anaangalia kile kitundu changu, taa imezima kama koroboi limeishiwa mafuta ya taa, akasema "mwanangu umeitupa milioni kwa ajili ya buku mbili." Sikulala siku ile.

Tangu hapo naweka kila mkono, sirushi hata mmoja. Na huyo mshikaji sasa kaja na mchongo, anasema kioo kikishavuka milioni 100 kinakuwa kimeiva, hesabu inageuka inakuwa upande wetu, na tena haijatoka muda mrefu kwahiyo iko njiani. Anataka tuchange laki mbili mbili kila wiki sote wanne, hela yote iende kwenye buku mbili tu, ikitoka tunagawana. Wawili washakubali wanasubiri mimi. Na juu ya hapo alishanikopa elfu sitini Ijumaa ile nyingine ili aendelee kuweka, mpaka leo kimya.

Naomba ushauri Anko, hii kitu inalipa? Na niingie kwenye huo mchango au nisiingie?

Wako,
Nane Nne, Tabata

---

Marahaba mpwa wangu Nane Nne,

Barua yako nimeisoma dukani nikacheka peke yangu mpaka kijana wangu wa stoo akauliza kulikoni. Wasomaji wa zamani wanajua, wewe labda hujui, kabla sijafungua hii hadiwea Mbagala nilisimama nyuma ya meza kama hiyo hiyo miaka tisa, nimevaa kizibao na suruali ambayo mifuko imeshonwa. Mpaka leo nikitoka kaunta najikuta nakung'uta viganja na kuvigeuza juu, ile ya kuionyesha kamera sijaondoka na chipu, wateja wa misumari wananishangaa. Kwahiyo hicho kitundu chako nakijua, sauti ya chipu ikidondoka ndani naisikia hata sasa.

Jibu nakupa mwanzoni ili usihangaike, hailipi. Tena hailipi kwa kiasi ambacho ukikiona utakasirika, ngoja nikuonyeshe.

Karata ziko 52, ukipewa tano kuna namna 2,598,960 za hizo tano kukufikia. Kati ya hizo royali flashi ziko 4 basi, moja ya kopa, moja ya uru, moja ya pau na moja ya shupaza. Streti flashi nyingine ziko 36. Nne za aina moja 624. Fulu hausi 3,744 na flashi 5,108. Jumlisha zote zinazolipwa unapata 9,516, maana yake ni mkono mmoja katika kila 273 hivi, hiyo mingine yote buku mbili inashuka kitunduni na hamuonani tena.

Haya, sasa hela. Chukua kile kibao chenu na kioo kikiwa milioni 120. Kila unapotumbukiza buku mbili, ukisambaza malipo yote kwenye mikono yote, flashi inakurudishia kama shilingi 196, fulu hausi 288, nne za aina moja 240, streti flashi 166, na ile royali mnayoiota usiku kucha inachangia shilingi 185 tu. Jumla 1,075. Umetoa 2,000 zimerudi 1,075, kasino imebaki na 925 yako kila mkono, na ante hatujaigusa bado.

Na hapo kwenye ante ndipo patakapokuuma zaidi. Huo mchezo wenyewe, ukiucheza vizuri, yaani unaongeza ukiwa na pea, yaani karata mbili za namba moja, au zaidi na unatupa ukiwa chini ya esi na kingi, unakugharimu kama asilimia 5.2 ya ante. Msimbazi wako unakula shilingi 520 hivi kila mkono, na humo tayari kuna ile ishirini unayoongeza. Kwahiyo wewe unakaa pale unatetemeka na msimbazi, unawaza uongeze au utupe, halafu kale kachipu ka pembeni unakotumbukiza bila hata kuangalia ndiko kanakula karibu mara mbili ya msimbazi! Meza nzima mnaweka ulinzi kwenye geti kubwa na mwizi anapita dirishani. Ukiipeleka buku mbili hiyo hiyo kwenye ruleti, lile gurudumu la namba, yenye sifuri moja inakugharimu shilingi 54. Hamsini na nne kwa mia tisa ishirini na tano, mpwa.

Watu hawaoni kwa sababu ni buku mbili. Tungeambiwa tutumbukize laki mbili kila mkono tungeuliza maswali. Pale mezani ukicheza taratibu mnamaliza mikono 40 kwa saa, ukikaa saa tatu ni mikono 120, hiyo ni 240,000 imeingia kwenye kitundu Ijumaa moja, na kwa wastani 111,000 kati yake hairudi. We unasema ukiliwa laki unanyanyuka, sasa laki ya kitundu unaihesabu humo au ile inaitwa soda?

Sasa zile nane nne. Nakuonea huruma kweli, sikutanii, nimewaona watu wazima wenye mvi wakitoka nje kuvuta pumzi kwa jambo kama hilo. Lakini kaa chini uhesabu hiyo milioni "uliyoitupa" bei yake ilikuwa shilingi ngapi. Nne za aina moja zinakuja kwa wastani mara moja katika mikono 4,165. Ili uwe na uhakika taa inawaka siku hiyo inabidi iwe inawaka siku zote, mara 4,165, ambayo ni shilingi 8,330,000. Njiani utakuwa umeokota flashi kama nane na fulu hausi sita, weka na milioni yenyewe, unarudishiwa kama milioni tatu na ushee. Kwahiyo mtu aliyeweka kila mkono mpaka akakutana na nane nne zake kapoteza milioni tano. Wewe ulikuwa huweki kila siku, hiyo sehemu uliyoruka ni hela iliyobaki mfukoni kwako, ila hela iliyobaki mfukoni haipigi kelele na taa yake haiwaki, ndo maana huikumbuki.

Halafu kuna ujanja mmoja hapo ambao sisi nyuma ya meza tulikuwa tunauona waziwazi. Hiyo sheria ya dila lazima awe na esi na kingi ndo afuzu, inakukosesha malipo karibu mara 44 katika kila 100, na inauma kuliko zote pale unapokuwa na mkono mnene kama wako. Jakpoti yenyewe haijali dila kafuzu au hajafuzu, inakulipa tu. Yaani mchezo unakutengenezea kidonda halafu pembeni yake wameweka kitundu cha kuuzia dawa. Mtu akishaumia mara moja kama wewe anakuwa mteja wa kudumu wa kitundu. Sikumbuki mtu aliyeumia hivyo mezani kwangu halafu Ijumaa iliyofuata asiweke.

Mshikaji wako anasema kioo kimeiva. Hapo kuna nusu ya ukweli, na nitamtendea haki. Ni kweli kioo kikipanda hiyo beti inakuwa nafuu, maana zawadi imekua na bei ni ile ile buku mbili. Ila nafuu sio faida. Kwa kibao chenu, hesabu inafika sare kioo kikiwa kama milioni 436, chini ya hapo mnaliwa, na milioni 120 haijafika hata theluthi ya hapo. Namba 100 kaipendea masifuri yake tu. Na kama meza nyingine utakuta fulu hausi inalipa 150,000 badala ya 200,000, hiyo sare inasogea mpaka milioni 460, ndo maana ukikaa meza yoyote kisome kibao kwanza kabla hujakisoma kioo, wengi wanafanya kinyume.

Na hata siku ikifika hiyo 436 usikimbilie kuuza kiwanja. Theluthi nzima ya hayo malipo iko kwenye royali flashi peke yake, na royali inakuja mara moja katika mikono 649,740. Wewe kwa mwendo wako wa mikono 120 kila Ijumaa bila kukosa, mvua ya masika na sikukuu humo humo, ni miaka 104. Kwahiyo kitabuni mko sare, mfukoni unaendelea kupungua, labda mjukuu wako ndo atakuja kuipata akiwa amekaa kiti hicho hicho.

Hilo la "haijatoka muda mrefu kwahiyo iko njiani" naomba aliache kabisa. Karata zinachanganywa upya kila mkono, hazijui jana nani kapata nini. Royali iliyokaa miaka mitatu bila kutoka na iliyotoka dakika tano zilizopita zina uwezekano ule ule mmoja wa kutoka kwenye mkono unaofuata. Kinachobadilika ni namba ya kioo tu, na hiyo namba inapandishwa na chipu zenu wenyewe, sehemu inapanda juu kuwatamanisha, sehemu inalipa flashi na fulu hausi, iliyobaki ni ya mwenye meza. Na siku royali ikitoka kioo kinashushwa chini kinaanza upya.

Niliwahi kugawa streti flashi mara mbili kwa miaka yangu yote pale, royali sijawahi kuiona mezani kwangu. Ile ya kwanza alipata mama mmoja mtu mzima, kimya kimya tu, hakuruka wala nini. Nilivyozifungua karata zake nikaita inspekta, yule msimamizi wa meza, mchezo ukasimama, tukahesabu pakiti nzima karata moja moja mpaka 52 zikatimia, kamera ikarudishwa nyuma wakaangalia chipu yake iliingia kitunduni kabla karata hazijagawiwa au baadaye, yule mama muda wote kashika mkoba wake hasemi kitu. Alilipwa. Na wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata pia, sasa anaweka kila mkono tena kwa viti viwili, mimi nikiwa naondoka kile kitundu kilishamnyang'anya sehemu kubwa. Sisemi kwa kumsema, nilimpenda yule mama, alikuwa anatuletea ubuyu.

Sasa huo mchango. Mke wako kama yuko kwenye mchezo wa akina mama pale mtaani muulize, mchezo una zamu, hata ukiwa wa mwisho siku yako inafika unaletewa kapu lako. Jakpoti haina zamu. Mkichanga laki mbili mbili ni 800,000 kwa wiki, mikono 400, kwa kioo cha 120 mnapoteza wastani wa 370,000 kila wiki, na royali sasa inakuja mara moja kwa miaka 31. Kuungana kumewaongezea mikono, bei ya kila mkono haijashuka hata senti, ni kama wanne mmekubaliana kununua nyanya mbovu kwa jumla. Na chipu za ante nani analipa? Maana kitundu hakikubali buku mbili bila ante, kwahiyo hiyo mikono 400 inataka misimbazi yake pia, hilo naona mshikaji hakulitaja.

Na tuseme Mungu kajalia imetoka, karata ziko mikononi kwa nani? Kasino inamtambua aliyekaa kwenye kiti, kitambulisho chake ndicho kinaandikwa, kodi ya ushindi inakatwa kwa jina lake, na kinachobaki kinaingia mkononi kwake yeye. Ninyi wengine watatu mna nini, meseji za Whatsapp? Kasino ikigoma kulipa kilichoandikwa kwenye kibao Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, unapeleka malalamiko. Mshikaji akigoma kugawa, utajua mwenyewe pa kumpeleka. Usiingie, waambie umekataa kwa ushauri wa Anko wanitukane mimi.

Kama unapenda mchezo wenyewe, cheza mchezo wenyewe, sikukatazi, msimbazi wako na kikomo chako cha laki ni starehe yako kama mwingine anavyoenda mpirani. Ila tafuta meza isiyo na kitundu, au kaa kwenye ruleti. Nakwambia hivi kwa sababu kusema "nitakaa pale pale ila sitaweka" kwako wewe haitafanya kazi, utaiangalia ile taa iliyozima kila mkono na ukipewa hata pea ya nane utaugua. Na blakijeki, ule mchezo wa karata wa ishirini na moja, usidanganyike ukiona duara la jakpoti pembeni, blakijeki yenyewe ukiicheza kwa akili inakula kama nusu asilimia tu, ni karibu mchezo wa bei rahisi kuliko yote mle ndani, hilo duara ndo linaiharibu. Kuna na siku unataka tu raha ya kuiona taa ikiwaka, basi tenga elfu kumi ya kitundu, mikono mitano, ihesabu kama umenunua chipsi kuku, ikiisha imeisha.

La wife. Mpwa, anko wako nina ndoa ya miaka 22. Tofauti ya "yuko na washikaji" na "yuko kasino" mwanamke haiiti kusahau kufafanua. Mwambie mwenyewe wiki hii, na kiasi umtajie, kabla hajaambiwa na mke wa mmoja wa hao wanne, maana ataambiwa. Na kama ukijiona unashindwa kumtajia kiasi, hapo hatuongelei tena buku mbili, niandikie tena tuongee hilo.

Na ile sitini mdai kesho Alhamisi asubuhi. Ukisubiri Jumamosi itakuwa ishapita kitunduni.

Anko